Msitutafute Facebook, Tuandikieni Barua

Wageni wanaokuja hapa Kakuma kwa wiki moja na kurudi walikotoka wana msemo wao: mkimbizi hana kitu, ila muda anao. Nimeusikia kwenye mikutano, nimeusoma kwenye ripoti, na siku hizi nausikia hata kwa vijana wetu wenyewe. "Sisi tuna haraka gani? Tuko tu." Jamani, nani yuko tu? Mama anayeamka usiku kupanga madumu kwenye bomba kabla maji hayajafunguliwa hana muda. Mwalimu wa insentivu mwenye darasa la watoto zaidi ya mia moja, na jioni anasahihisha madaftari kwa tochi ya simu, hana muda. Kijana anayetoka Kakuma 4 kwa mguu mpaka ofisi zilizoko upande wa Kakuma 1, anasubiri chini ya jua, anaambiwa arudi kesho, naye muda wake umeliwa na hakuna aliyeuhesabu. Tunachokuwa nacho kingi ni kusubiri, na kusubiri sio muda. Mtu anayesubiri hawezi kulala wala kuondoka.

Naanza na hapo kwa sababu msemo huo ndio uliozaa namna tunavyopewa habari. Mtu akiamini kwamba nina siku nzima ya kukaa na simu mkononi, hataona ubaya wa kutawanya matangazo yake: hili Facebook, lile kwenye kundi la WhatsApp la viongozi wa bloku, jingine video ya dakika nane, jingine picha ya karatasi iliyopigwa kwa pembe mpaka tarehe haisomeki. Halafu nikikosa, naambiwa "lakini tulitangaza." Mlitangaza wapi, ndugu zangu? Na mimi nilitakiwa kukesha kwenye kurasa ngapi?

Hoja yangu ni fupi na najua itachekwa. Kwa mtu mwenye muda mchache, chaji chache na bando kidogo, njia nzuri ya kufuata mambo ya mitandao ni kuyafanya yamfuate yeye kwa baruapepe, yakae pale, ayasome mara mbili kwa wiki na kufunga simu. Na mashirika yanayotuhudumia yana wajibu wa kutuandikia barua kwanza, ndipo yaposti kwingine kokote yanakotaka. Nusu ya kwanza ya hoja hii ni kazi yetu sisi. Nusu ya pili ni yenu.

Tuanze na makundi, maana huko ndiko tunakoishi. Kundi moja la WhatsApp sasa linaweza kubeba watu 1,024. Mimi niko kwenye makundi kumi na manne, na sio mengi, kuna watu wanafika thelathini. Asubuhi ukiwasha data unakuta salamu mia mbili, maua, aya za dini, mtu aliyepoteza kadi ya mgao, mtu anayeuza godoro, ugomvi wa mpira ulioanza juzi, ujumbe wa sauti wa dakika sita wa mzee asiyependa kuandika, na mahali fulani katikati ya hayo yote, kama sindano ndani ya gunia la mahindi, tangazo kwamba zoezi la kuhakiki majina limesogezwa kutoka Alhamisi hadi Jumatano. Ukilipita, umelipita. Kesho litakuwa limefunikwa na salamu nyingine mia mbili. Halafu yule aliyelisoma atalipigia skrinishoti na kuliweka kundi jingine bila sehemu ya juu yenye tarehe, na wiki tatu baadaye litazunguka tena kama jipya. Nimeshuhudia watu wakipanga foleni kwa tangazo la mwaka uliopita.

Sasa chukua wiki ya mwisho ya Januari 2025, ambayo sisi tuliotoka Kivu hatutaisahau. Tarehe 20 rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha mpango wa nchi yake wa kupokea wakimbizi, na amri hiyo ikapangwa kuanza kazi tarehe 27. Siku hiyo hiyo ya 27, M23 wakatangaza kwamba wameshika Goma. Fikiria mtu mmoja kwenye nyumba moja ya bati hapa kambini: mama yake yuko Goma na simu haiingii, na kesi yake ya Marekani, aliyoisubiri miaka tisa, haijulikani kama ni hai au imekufa. Huko Kongo kwenyewe X na TikTok zikawa hazifunguki. Mtu huyo alifanya nini? Alifanya kile sote tulichofanya. Alishika simu usiku na mchana.

Na simu ilimpa nini? Ilimpa picha za maiti ambazo wengine walisema ni za Goma na wengine wakasema ni za vita vingine kabisa. Ilimpa sauti ya mwanaume asiyejulikana, akisema kwa uhakika wa hakimu kwamba waliokwisha kufanya medikali wataendelea kusafiri. Haikuwa kweli, hata waliokuwa wameshapewa tarehe za ndege safari zao zilifutwa. Ilimpa pia mkora mmoja aliyejifanya ana mtu wake ofisini, akiomba shilingi elfu tatu "kulinda faili." Watu walituma, na ninawajua. Somo hilo la matapeli tumelisikia mara ngapi? UNHCR imesema na kurudia kwamba huduma zake zote ni za bure. Lakini mtu aliyekesha siku nne kwenye skrini hana tena akili ya kukumbuka alichoambiwa. Anashika chochote kinachoelea. Wasomali wana neno lao, buufis, la ile hamu ya kuondoka inayomkaa mtu kama homa. Wakora wanajua kwamba homa hiyo hupanda usiku, watu wakiwa na simu.

Amri yenyewe ilikuwa maandishi, kurasa chache tu. Wapo wachache hapa ambao walikuwa wamejiandikisha kupokea habari kwa baruapepe kutoka kwa vyombo vya habari na mashirika ya kutetea wakimbizi, na kufikia tarehe 21 au 22 walikuwa na maneno ya amri hiyo kwenye kisanduku chao, yakiwa na tarehe juu na jina la aliyeyatuma. Waliumia kama sisi. Barua haikurudisha ndege ya mtu. Lakini hawakumtumia mkora hata shilingi, na usiku walilala.

Hapo vijana watanikatiza. "Mzee, imeili ni ya babu zetu." Kweli, ni ya zamani: barua ya kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya mtandao ilitumwa mwaka 1971 na Mmarekani Ray Tomlinson, ndiye aliyechagua ile alama ya @. Ina zaidi ya miaka 50. Jembe nalo ni la babu zetu na tunalima nalo. Swali ni kama inafanya kazi mahali tulipo, na mahali tulipo ni pagumu: mtandao unakuja na kwenda, chaji inanunuliwa, bando linaisha kabla hujamaliza kusema ahsante.

Hebu tupige hesabu. Ukurasa mmoja wa maandishi wenye herufi 2,500 una uzito wa kilobaiti mbili na nusu hivi. Picha ya karatasi ile ile, hata WhatsApp ikiibana, ni kilobaiti mia moja na zaidi. Ikitumwa ilivyo, ni megabaiti moja au zaidi. Maana yake ni kwamba kwa bei ya kufungua picha moja ya megabaiti moja ningeweza kupokea kurasa 400 za maandishi. Na video sitaki hata kuizungumzia. Mtu anayekaa ofisini kwenye Wi-Fi ya shirika hajui kwamba akiposti video ya "habari njema" ya dakika nane, amenitoza mimi. Hajanitumia ankara, lakini amenitoza.

Halafu baruapepe haikudai uwepo. Programu ya barua kwenye simu huvuta barua za siku za karibuni na kuzihifadhi, kwa hiyo mtandao ukipotea unaendelea kusoma. Ukiandika jibu bila mtandao, linakaa kwenye foleni na kuondoka lenyewe mtandao ukirudi. Ninawajua watu wanaowasha data dakika tano karibu na mahali penye mnara mzuri, wanazima, wanarudi nyumbani kusoma kwa utulivu chini ya mti. Jaribu kufanya hivyo na TikTok.

Lakini kwangu mimi sababu kubwa kuliko bando ni anwani. Tangu nitoke Uvira nimebadilisha laini nne katika nchi tatu. Kila nilipovuka mpaka namba ilibaki nyuma. Laini ikikaa kimya miezi kadhaa kampuni huiuza upya, na mgeni anayeinunua ndiye anayeanza kupokea simu za shangazi yako. Kuna wenzetu ambao laini zao zimesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, kwa sababu siku ile hawakuwa na karatasi inayokubalika. Huyo mwenye kitambulisho akihama au mkikosana, namba imekwenda, na WhatsApp imekwenda nayo, na makundi, na picha, na ushahidi. Sanduku la posta hatuna. Jina la mtaa hatuna. Tuna zoni na bloku na namba ya nyumba, na hizo zikihamishwa zinahama bila kutuaga. Anwani ya baruapepe niliyoifungua kwenye saibakafe moja Bujumbura bado ni ile ile. Barua ya mwalimu wangu wa sekondari imo. Nakala ya cheti changu imo. Barua ambayo ofisi fulani iliniandikia miaka sita iliyopita ikisema jambo moja, kabla ya kubadili na kusema jingine, nayo imo, na tarehe yake na saa yake. Nilipoitoa mbele ya afisa aliyekuwa akinibishia, alinyamaza na kufungua faili upya. Ujumbe wa WhatsApp ungekuwa umezama na simu iliyoibiwa.

Watu wa sheria wanaotusaidia na rufaa wanajua thamani ya jambo hili. Wao kwanza wanauliza: una maandishi? Na sisi tunajibu: kulikuwa na voisi.

Sasa namna ya kufanya, maana kulalamika tu hakumsaidii mtu. Mitandao mingi mikubwa, Facebook na LinkedIn zikiwemo, ina mipangilio ya arifa, na ndani yake kuna sehemu ya baruapepe. Wengi wetu tuliizima siku ya kwanza kwa sababu ilitusumbua, au tuliiacha wazi mpaka kisanduku kikajaa takataka. Yote mawili ni mabaya. Ingia, ondoa arifa za kupendwa na za siku za kuzaliwa, bakiza kurasa mbili au tatu za lazima. Ila lazima niseme ukweli: kampuni hizi hazitaki usome kwenye barua. Zinataka urudi ndani. Ndiyo maana barua zao nyingi hazina habari, zina kelele tu: "una arifa 17, fungua uone." YouTube iliacha kabisa kutuma barua za video mpya mwezi Agosti 2020, ikisema ni chini ya asilimia 0.1 zilizokuwa zikifunguliwa. Sawa, ni biashara yao. Lakini nasi tujue kwamba wanaposema baruapepe imepitwa na wakati, wanaosema ni wale wanaouza macho yetu.

Kwa hiyo usitegemee mitandao yenyewe kukuletea. Nenda kwenye chanzo. Gazeti, redio, shirika, chuo, mpango wa ufadhili, karibu kila kimoja kina mahali pa kujiandikisha kupata barua. Hizo ndizo zenye maandishi kamili. Google ina huduma ya bure ya arifa: unaandika neno unalolifuatilia, tuseme "Kalobeyei" au "Uvira" au jina la mpango wa masomo, na unachagua uletewe linki mara moja kwa siku au mara moja kwa wiki. Mimi nimechagua wiki. Mwanzoni nilichagua siku, nikagundua kwamba dunia haibadiliki kila siku kiasi hicho. Na kwa sisi kwa sisi, Google Groups inaruhusu mtu kupokea barua za kundi zikiwa zimefungwa pamoja, hadi 25 ndani ya barua moja, badala ya kulia-lia mfukoni kila mara. Hata WhatsApp inaruhusu kutoa mazungumzo ya kundi bila picha na kuyatuma kwenye baruapepe yako kama faili la maandishi. Kila mwisho wa mwezi nafanya hivyo kwa kundi la bloku yetu. Kundi la mwezi mzima, na ugomvi wake wote, likawa faili dogo kuliko picha moja ya harusi.

Na tafadhali, linda anwani hiyo. Nasema kwa ukali kwa sababu hapa ndipo tunapoibiwa. Google sasa hufuta akaunti ambayo haijaguswa kwa miaka 2, kwa hiyo ingia hata kama huna barua ya kusoma. Ukiwa umewasha uthibitishaji wa hatua mbili na namba yako ya simu ikafa, umejifungia nje ya nyumba yako. Mfumo huo huo unakupa namba za akiba 10, kila moja ya tarakimu 8. Ziandike kwenye karatasi, uiweke pamoja na karatasi ya familia, kwenye ule mfuko wa nailoni ambao kila nyumba ya mkimbizi inao na kila mtu anajua uko wapi moto ukiwaka. Usimpe mtu wa saibakafe neno la siri akufungulie. Vijana wengi hapa akaunti zao zilifunguliwa na mtu mwingine, na hawajui hata tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa humo.

Kuna kijana wa bloku jirani aliyeomba ufadhili wa chuo. Aliufuata ukurasa wa mpango ule kila siku, anapenda kila posti, anaandika "Amen" chini yake. Barua ya kumwita kwenye intavyuu ilitumwa kwa baruapepe, kama fomu ilivyosema, ikakaa siku kumi na mbili kwenye kisanduku alichofunguliwa na binamu yake. Alipoifungua, nafasi ilikuwa imeshapewa mwingine. Mipango kama DAFI, ambayo Ujerumani na UNHCR wameiendesha tangu 1992, au ule wa WUSC unaopeleka wanafunzi wakimbizi Kanada tangu 1978, haichukui watu wengi ukilinganisha na wanaoomba. Nafasi ikipotea kwa sababu hiyo, hairudi mwaka ujao na kukugongea mlango. Kwa hiyo mnaponiambia kwamba mitandao ndiyo inayowaunganisha na dunia, nauliza, dunia ipi? Ile inayotoa maamuzi bado inaandika barua.

Sisemi watu waache mitandao. Mwanamke ambaye ndugu zake wamebaki Minembwe, wengine wako Nyarugusu, wengine Nebraska, akiona uso wa mdogo wake kwenye video Jumapili jioni, hiyo ni chakula, na mimi sina ubavu wa kumwambia asile. Vichekesho navyo tunavihitaji. Ninachokataa ni kuchanganya: kicheko, msiba, utapeli na tarehe ya kuhakiki jina, vyote kwenye bomba moja, na mtu anywe tu yanayotoka.

Sasa ninyi ndugu zetu wa mashirika, mnaosoma jarida hili (na najua mnalisoma, kwa sababu toleo lililopita mliliongelea kwenye mkutano). Mnaponisajili mnaniuliza baruapepe yangu. Iko kwenye fomu. Nimeiandika kwenu mara tano, kwa maofisa watano. Mmewahi kuniandikia? Mimi sijapokea. Ofisi moja, nisiyoitaja, ilibadilisha mahali pa usaili kwa picha iliyopostiwa Facebook saa tatu usiku. Asubuhi watu arobaini walikuwa wamekaa kwenye lango la zamani, wakiwemo wajawazito wawili, mpaka askari wa lango akawaonea huruma akawaambia. Anwani za watu wale wote zilikuwa kwenye mfumo wa ofisi ile. Barua moja kwa watu arobaini ingemchukua karani muda gani? Chini ya ule wa kutengeneza ile picha yenye nembo na rangi, hilo naapa.

Naelewa kwa nini Facebook inawavutia. Inahesabu. Mnaweza kuandika kwenye ripoti kwamba tangazo limefikia watu elfu kadhaa, na aliyetoa pesa anafurahi. Lakini aliyefikiwa ni nani? Kijana wa Nairobi aliyelipita akitafuta mpira naye kahesabiwa. Barua haina namba za kupendeza hivyo, ila mtu arobaini waliotakiwa kuipata wanaipata, na asiyeipata anaweza kuonyesha kwamba hakuipata. Pengine hiyo ndiyo shida yake. Barua inamfunga aliyeiandika.

Na mkumbuke Uganda. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, serikali ilifunga Facebook, na baada ya uchaguzi haikufunguliwa. Wenzetu wa Nakivale na Kyangwali waliotaka kuisoma ilibidi watafute njia za kuzunguka kwa VPN, ambayo nayo inakula bando. Ukurasa ambao serikali inaweza kuufunga asubuhi moja sio mahali pa kuweka habari za chakula cha watu. Mtaniambia intaneti yote ikizimwa hata baruapepe inalala. Ni kweli, inalala. Lakini ikiamka, barua zako zote ziko pale kwa mpangilio wa tarehe, hazijazikwa chini ya kitu.

Nabaki na pingamizi moja ambalo nalichukulia kwa uzito kuliko mengine yote, nalo lilitolewa na mama mmoja wa Kakuma 2 nilipoyasema haya maktaba. Alisema, "Mwanangu, unaongea habari za wanaojua kusoma. Mimi voisi inanitosha." Ana haki. Kuna wazee na akina mama wengi hapa ambao ujumbe wa sauti wa WhatsApp ndio ulikuwa mlango wao wa kwanza kuingia kwenye mambo ya maandishi, na sitaki kuufunga. Kuna pia wenye kabambe, ambao hata WhatsApp hawana. Hao SMS ya herufi 160 inawafaa kuliko maneno yangu yote. Ila angalieni voisi hiyo inatoka wapi. Leo inatoka kwa yeyote. Mtu anasikia kwa mtu, anaongeza chumvi, anatuma. Kama tangazo limeandikwa na kutumwa kwa barua, mwenyekiti wa bloku analisoma kwa sauti lile lile, kwa Kiswahili, kwa Kisomali, kwa Kidinka, kwa Kirundi, na mtoto wa yule mama anaweza kulirudia jioni nyumbani na kuona kama mwenyekiti ameruka mstari. Barua inaweza kugeuzwa voisi wakati wowote. Voisi ikishapotoka, nani atairudisha kuwa barua?

Ninachowaomba wa mashirika hakihitaji mradi wala semina ya siku tatu yenye soda. Kila tangazo lenye tarehe au mahali litoke kwanza kama maandishi ndani ya mwili wa barua, sio PDF iliyoambatishwa wala picha. Liandikwe kwa Kiswahili cha watu, na lugha nyingine mnazozijua. Kichwa cha barua kiseme jambo lenyewe: "Mgao wa zoni 3 umesogezwa hadi Jumatano," sio "Taarifa Muhimu." Litoke kwenye anwani ya shirika, yenye jina la shirika baada ya ile @, ili tuwafundishe wazee wetu kutazama hapo kwanza kabla ya kuamini. Barua za wakora nazo zipo, najua, na nyingine zina nembo nzuri kuliko zenu. Nakala moja ichapishwe ibandikwe kwenye ubao wa bloku siku hiyo hiyo. Na tukijibu, mtu ajibu. Anwani zile zinazosema "usijibu barua hii" ni matusi. Mtu hawezi kukuandikia halafu akakuziba mdomo.

Upande wetu tumeshaanza, bila ruhusa ya mtu. Tuko watano tunaopokezana. Kila Jumamosi mmoja anapita kwenye makundi na kurasa zote, anachota yenye tarehe na yenye jina la aliyesema, anaachana na salamu na maua, na kuyaandika kwenye barua moja isiyozidi kurasa mbili. Asichoweza kuthibitisha anakiandika chini kabisa na kusema hakijathibitishwa. Kazi yake ni saa tatu, na zinamwondolea kila mmoja wa wengine saa nyingi kuliko hizo kwa wiki. Daftari la anwani liko maktaba, Jumanne na Ijumaa baada ya saa kumi jioni. Asiye na anwani tunamfungulia yeye mwenyewe akiwa ameshika simu, neno la siri analiandika tukiwa tumegeuka. Wa mashirika nao wanakaribishwa kujiandikisha, kwa anwani ambazo huwa wanazijibu.